Kuota moto bila moto

Mkazi wa Tanga au Mombasa akisikia kuna mtu analipa pesa nyingi ili nyumba yake ipate joto, hucheka. Kwake fedha hutoka ili joto liondoke. Aliyehamia Oslo, Leeds au Toronto hacheki: kicheko humkatika mwezi wa Novemba, bili ya kwanza ya majira ya baridi inapoingia. Huko kupasha nyumba hula nishati nyingi kuliko taa, friji na televisheni zikijumlishwa, na kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, joto la majengo hutoa karibu tani bilioni 4 za hewa ukaa kila mwaka duniani.

Njia ya kupata joto hilo bila kuchoma chochote ndani ya nyumba inajulikana tangu karne ya 19, na mashine yake wengi wetu tumeitundika ukutani bila kuitambua. Kiyoyozi huchota joto la chumbani na kulimwaga nje. Kigeuze kifanye kinyume, kichote joto la nje (hata hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ina joto lake) na kulimwaga ndani, hapo umepata pampu ya joto. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme huleta uniti tatu za joto, pengine nne. Hita ya koili hutoa uniti moja kwa uniti moja, basi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila rekodi ya kupasha nyumba iliyomo humu.

Wa kwanza kuwasha makaa, wa kwanza kuyazima

Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha Ratcliffe-on-Soar, karibu na Nottingham, kilizimwa, na Uingereza ikawa nchi ya kwanza ya kundi la G7 kuacha kabisa umeme wa makaa ya mawe. Ilikuwa imepita miaka 142 tangu kituo cha Holborn Viaduct, London, kianze mwaka 1882 kuuzia umma umeme wa makaa, cha kwanza cha aina yake duniani. Mwaka 2012 tu nchi hiyo ilikuwa bado inapata karibu asilimia 40 ya umeme wake kutoka kwenye makaa. Kilichofuata kilikwenda mbio: mwaka 2014 kila uniti ya umeme ilibeba gramu 419 za hewa ukaa, na kufikia 2024 zilibaki 124. Upepo, hasa wa baharini, umefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ziingize namba hizo sebuleni. Boila nzuri ya gesi hutoa kama gramu 200 kwa kila uniti ya joto. Mwaka 2014, Mwingereza aliyewasha hita ya koili akidhani anayaonea huruma mazingira alikuwa akichafua mara mbili ya jirani yake mwenye gesi. Miaka kumi baadaye hita ileile, kwenye soketi ileile, imekuwa safi kuliko gesi. Pampu ya joto, ambayo huzigawa gramu hizo kwa tatu, ilikuwa kwenye 140 mwaka 2014, tayari chini ya boila, na imeshuka hadi kama 41. Hakuna fundi aliyeigusa. Boila hubaki na uchafu wake wa siku ilipofungwa mpaka siku itakapong'olewa, ilhali mashine ya umeme hutakata kila shamba jipya la upepo linapounganishwa kwenye gridi, mwenye nyumba akiwa amelala zake.

Kwa hiyo ungetegemea Waingereza wawe wanagombania pampu. Wapi! Nyumba zaidi ya nane katika kila kumi bado zinapashwa kwa gesi, na pampu zilizouzwa mwaka mzima wa 2024 hazikufika laki moja, katika nchi inayofunga maboila zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Katika orodha za Ulaya za pampu kwa idadi ya kaya, Uingereza huwa inaning'inia mkiani.

Kinara

Kileleni mwa orodha hiyohiyo ipo Norwei, nchi ambayo sehemu yake moja imevuka Mzingo wa Aktiki. Ina pampu zaidi ya 600 kwa kila kaya 1,000. Finland na Uswidi zinaifuata. Wanaodai kwamba mashine hii haiwezi kazi penye baridi ya kweli wana kibarua cha kueleza kwa nini imejazana kule ambako theluji haiyeyuki kwa miezi, na imekuwa adimu kule ambako mvua ni nyingi kuliko theluji.

Pampu za Wanorwei wengi si mitambo ya kifahari. Ni zile za hewa kwa hewa, ndugu wa damu wa kiyoyozi cha ofisini. Na gridi yao karibu yote ni maji yanayoporomoka milimani, hivyo joto lao halina moshi hata mbali na nyumba. Tangu mwaka 2020 ni marufuku nchini humo kupasha majengo kwa mafuta ya petroli. Ndiyo, nchi hiyohiyo inayochimba mafuta na gesi baharini na kuziuzia nchi za Ulaya. Biashara ni kwa wageni.

Tusiwape Wanorwei sifa ya utakatifu, lakini. Wana umeme mwingi wa maji, na hawakuwahi kutandaza mabomba ya gesi nchi nzima, kwa hiyo pampu haikuwa na mpinzani wa bei rahisi. Finland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutoza kodi ya kaboni, mwaka 1990, na Uswidi ikafuata 1991. Mafuta ya kupashia nyumba yakapanda bei, watu wakahama. Uingereza ilifanya kinyume. Uniti ya umeme huko imekuwa ikiuzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi, na sehemu ya gharama za kuusafisha umeme imebandikwa kwenye bili ya umeme wenyewe. Pampu inayoleta tatu kwa moja ikikutana na bei ya nne kwa moja, hesabu inagoma. Serikali hutoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa anayefunga pampu England na Wales, kisha bei ya umeme inaila ruzuku hiyo polepole, mwezi baada ya mwezi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo rekodi ya ajabu kuliko zote humu: nchi imetumia miaka kumi kuutakasa umeme, halafu ikaufanya ghali kiasi kwamba raia wake wanaogopa kuota moto nao.

Uhamaji mkubwa kuliko wote

Na isisemwe kwamba Waingereza hawawezi kubadilisha nyumba zao. Hadi miaka ya 1960 walikuwa wakitumia gesi iliyopikwa kutokana na makaa. Ilipopatikana gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini, iliwaka kwa namna tofauti, na vifaa vya zamani havikuifaa. Kati ya 1967 na 1977 mafundi walipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakabadilisha majiko, hita na maboila ya wateja wapatao milioni 13. Hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari. Mtaa ulipofikiwa, gesi ya zamani ilifungwa. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, na leo wajukuu wao wanaitetea gesi hiyo kana kwamba iliumbwa pamoja na nchi.

Kongwe

Aliyetangulia kuandika kwamba joto linaweza kusukumwa kutoka penye baridi kwenda penye vuguvugu ili kupasha majengo ni William Thomson, baadaye Lord Kelvin, mwaka 1852. Peter von Rittinger wa Austria aliunda mashine ya aina hiyo katika muongo huohuo, ila yake ilikuwa ya kukausha chumvi huko Ebensee.

Kwa maisha marefu kazini, taji ningelipa jumba la baraza la mji wa Zürich, Uswisi. Pampu yake ilifungwa mwaka 1938 ikachota joto kutoka Mto Limmat uliopo miguuni mwa jengo, ikapita vita vikuu, ikapita enzi ya mafuta ya bei poa, na haikubadilishwa hadi 2001. Miaka 63. Waingereza nao walikuwa na mtu wao: John Sumner, mhandisi wa umeme wa mji wa Norwich, ambaye mwaka 1945, kwa vifaa vikuukuu kutokana na uhaba wa vita, aliunda pampu iliyopasha jengo kwa joto la Mto Wensum. Ilifanya kazi vizuri. Makaa yakawa rahisi tena, wakamsahau.

Kubwa, na ugomvi wake

Ukiuliza ipi ni pampu ya joto kubwa kuliko zote, utapewa majibu matatu, na kila moja litakuwa na cheti chake. Stockholm ina mitambo ya Värtan Ropsten, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1980, Uswidi ilipokuwa na umeme wa nyuklia wa kumwaga: pampu sita za maji ya bahari zenye jumla ya megawati 180. Vienna inachota joto la maji yaliyokwisha kusafishwa kwenye mtambo wa majitaka. Ilianza na megawati 55 mwaka 2023, na awamu ya pili inakusudiwa kufikisha 110.

Jibu la tatu ndilo lenye utamu. Mwaka 2024 mji wa bandari wa Esbjerg, magharibi mwa Denmark, uliaga kituo chake cha makaa na kuwasha pampu mbili kubwa zinazochota joto la Bahari ya Kaskazini. Pamoja zina megawati 70 hivi, na zinatosha kaya 25,000 zinazopokea maji ya moto kwa mabomba yaliyozikwa chini ya barabara. Rekodi yake ni ya kilichomo ndani ya mashine. Fundi wa friji akikwambia gesi imekwisha, anazungumzia ile inayozunguka kwenye koili na kubeba joto. Gesi ya Esbjerg ni hewa ukaa, mshitakiwa mwenyewe, aliyefungwa ndani ya bomba na kupewa kazi ya kufanya. Ilipowashwa hapakuwa na pampu kubwa zaidi ya aina hiyo duniani. Waliichagua kwa sababu Bahari ya Wadden, urithi wa dunia, iko mlangoni mwao, na gesi hiyo ikivuja haiwezi kuwatia sumu ndege na samaki. Tena mitambo hiyo huwaka na kuzimika haraka, kwa hiyo upepo ukivuma sana baharini na umeme ukawa wa kumwaga, wao hula umeme na kuweka joto. Upepo ukilala, nao hupumzika.

Suala la gesi zinazozunguka ndani ya mashine hizi halikuamuliwa Ulaya. Liliamuliwa Kigali, Oktoba 2016, ambako karibu nchi 200 zilikubaliana kupunguza gesi za kupoozea zenye florini. Sababu iko kwenye namba: gramu moja ya R134a, iliyojaa kwenye friji na magari yetu, hupasha dunia kwa kipimo cha miaka 100 kama gramu 1,430 za hewa ukaa. Pampu inayovuja gesi hiyo inalipa kwa mkono mmoja na kuiba kwa mwingine. Drammen, Norwei, walikwisha kuikwepa tangu 2011 kwa kutumia amonia: pampu yao huchukua maji ya ghuba yenye nyuzi 8 hivi na kutoa maji ya nyuzi 90 kwa ajili ya mji. Walioiunda ni kampuni ya Glasgow. Waskoti walisafiri hadi Norwei kuwafungia wenzao kitu ambacho kwao hakikuwa na soko.

Waliochimba chini

Iceland haihitaji pampu. Nyumba karibu tisa katika kila kumi hupashwa na maji ya moto ya ardhini moja kwa moja, uwiano usio na mfano. Mji mkuu Reykjavík ulianza mwaka 1930 kwa bomba la kilomita tatu lililopeleka maji shuleni, hospitalini na kwenye nyumba kama 60. Bei ya mafuta ilipolipuka miaka ya 1970, serikali ilitandaza mabomba hayo karibu nchi nzima. Ukioga huko maji yananuka kiberiti kidogo, na wenyeji watakuambia hawasikii chochote.

Hapa Afrika Mashariki ina la kusema. Kenya ndiyo nchi inayopata sehemu kubwa zaidi ya umeme wake kutoka jotoardhi duniani, karibu nusu, ikiiacha hata Iceland ambayo umeme wake mwingi ni wa maji. Na si bahati: chuo cha jotoardhi kilichopo Iceland kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingine tangu 1979, na Wakenya ndio waliopita pale kwa wingi kuliko taifa lolote. Mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, Kenya, imejengwa na mikono hiyo. Joto lenyewe pia limetumika kama joto: shamba la Oserian, Naivasha, ambako usiku una baridi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianza kupasha vitalu vya waridi kwa kisima cha mvuke, hadi kufikia hekta 50, ili unyevu usioteshe ukungu kwenye majani. Wakongo wa Katanga nao wasinyimwe haki yao: mtambo wa kwanza wa jotoardhi Afrika ulikuwa Kiabukwa, mwaka 1952, wa kilowati 200 hivi tu.

Vyanzo visivyotarajiwa

Katika mtaa wa Islington, London, feni kubwa huvuta hewa ya vuguvugu kutoka kwenye shimo la kituo cha treni za chini ya ardhi kilichofungwa mwaka 1922. Tangu 2020 hewa hiyo hupitishwa kwenye pampu na kusaidia kupasha nyumba 1,350 na shule. Jasho la abiria, kwa lugha ya wazi. Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, wamefika mbali zaidi kwa kejeli: migodi ya makaa iliyoachwa imejaa maji, na tangu 2023 maji hayo ya nyuzi 15 hivi huchotwa kutoka mita 150 chini na kupasha nyumba za halmashauri na kumbi za sanaa. Makaa yamekwisha, shimo linaendelea kulipa.

Pornainen, mji mdogo wa Finland, waliwasha mwaka 2025 betri kubwa kuliko zote za mchanga. Umeme ukiwa rahisi hupasha tani 2,000 za mawe yaliyosagwa, na joto hilo hutolewa baadaye kupasha mji. Uwezo wake ni megawati-saa 100. Mawe yenyewe ni mabaki ya kiwanda cha meko, aina ileile ya mawe laini ambayo wachongaji wa Tabaka, Kisii, huyafanya viboko na vinyago vya watalii.

Aliyepanda na kuanguka, na aliyepanda akakaa

Ujerumani iliuza pampu zipatazo 356,000 mwaka 2023, rekodi yake. Mwaka uliofuata ziliuzwa 193,000. Katikati palikuwa na sheria mpya ya kupasha nyumba, ugomvi wa kisiasa ulioivuruga serikali, magazeti yakitangaza kwamba boila za watu zitang'olewa kwa nguvu, na wenye nyumba wakikimbilia kununua boila ya mwisho kabla mlango haujafungwa. Katika nusu ya kwanza ya 2025 pampu zilizouzwa zilizidi boila za gesi kwa mara ya kwanza. Sheria ilikuwa ileile. Kelele ndizo zilizokuwa zimepungua.

Jimbo la Maine, Marekani, halikupiga kelele. Mwaka 2019 liliweka lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia 2025, likalifikia 2023. Hakuna jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia kuliko Maine, na lori la mafuta mlangoni katikati ya Januari ni pigo ambalo familia za Portland na Lewiston zinalijua, zikiwemo nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda na kukijaza Kiswahili kwenye madarasa ya watoto huko. Mafuta yakipanda bei, pampu hujiuza yenyewe. Lakini mpangaji hawezi kumlazimisha mwenye nyumba aifunge, na wageni wengi ni wapangaji; ruzuku humfikia mwenye hati ya nyumba, baridi humfikia aliyemo ndani.

Rekodi zinazosubiri kuvunjwa

Vantaa, jirani ya Helsinki, walipanga kuchimba mapango mita 100 chini ya mwamba yatakayobeba mita za ujazo milioni 1.1 za maji ya nyuzi hadi 140, yapashwe majira ya joto kwa umeme wa bei chini na yatumike majira ya baridi. Uwezo uliopangwa ni gigawati-saa 90, yaani betri za Pornainen 900, na mpango wa awali ulikuwa kumaliza mwaka 2028. Köln inajenga pampu ya megawati 150 itakayochota joto la Mto Rhine kwa kaya zipatazo 50,000, ikitarajiwa 2027. Stockholm bado watakuwa mbele kwa megawati 30.